Mpaka Uliochorwa Bila Wenyewe

Jumanne ya tarehe 22 Julai 1975, Rais Mobutu Sese Seko alitia saini amri iliyoipanua Hifadhi ya Taifa ya Kahuzi-Biega kutoka hekta 60,000 hadi hekta 600,000. Hifadhi hiyo ilikuwa haijatimiza hata miaka mitano. Ilianzishwa Novemba 1970 katika milima iliyo magharibi mwa Ziwa Kivu, hasa kwa ajili ya kuwalinda gorila. Kwa amri ile mpya mpaka uliteremka kutoka milimani, ukaingia msitu wa tambarare wa bonde la Kongo, ukameza sehemu ya Shabunda na sehemu ya teritwari ya Walikale. Wakazi wa humo hawakuulizwa. Asubuhi walikwenda mashambani wakiwa wenye ardhi, jioni wakarudi wakiwa wavamizi wa hifadhi ya taifa, na wengi wao walikuja kulijua jambo hilo baada ya miaka.

Nakisimulia kisa hiki kwa sababu kimezaa visa vingine, na kwa sababu hata leo zipo ramani mpya zinazochorwa juu ya misitu ya Kivu Kaskazini. Wanaozichora wana nia njema, kama walivyokuwa nayo wale wa mwaka 1975. Lakini nia njema haijawahi kulinda msitu peke yake. Asiyekubali kujifunza kwa yaliyowapata waliomtangulia, yatampata yeye mwenyewe, tena na watoto wake.

Tuanze na swali ambalo mgeni huuliza: ilikuwaje wataalamu watazame msitu wenye watu wauone mtupu? Jibu liko katika namna watu wa Walikale wanavyolima. Mkulima hukata kipande cha msitu wakati mvua zimepungua, huacha miti ikauke, hukichoma, kisha hupanda mpunga au mihogo na migomba katikati. Baada ya mavuno ya misimu michache udongo huchoka, naye hukiacha kipande kile kipumzike kwa miaka mingi. Hurudi kwanza miti laini yenye majani mapana kama mwavuli, kisha miti migumu. Anayepita juu kwa ndege huona kijani kitupu. Anayepita chini kwa miguu akiwa na mwenyeji huona mchikichi umesimama kati ya miti ya msituni, naye mwenyeji humwambia: hapa palikuwa na kijiji cha babu zetu, na mawese ya mchikichi huu ni ya ukoo fulani.

Ramani ya Kinshasa haikuwa na mahali pa kuandika mchikichi huo. Haikuwa na mahali pa kuandika kijito ambacho wanawake hukizuia kwa udongo na majani, huchota maji kwa vikapu, kisha huokota samaki wadogo na kaa kwa ajili ya kitoweo cha jioni. Sheria ya uhifadhi iliyokuwa ikitumika, ile ya Agosti 1969, ilikataza kuishi, kuwinda na kuvua ndani ya hifadhi. Kwa hiyo mama mwenye kikapu chake kijitoni akawa mkosaji, hata kama hakuna mlinzi aliyefika kumkamata.

Wala isisemwe kwamba watu hawa walikuwa hawana sheria za msitu. Wanyanga, ambao ni wengi katika Walikale, waligawana misitu kwa koo na kwa vijiji. Kila eneo la kuwindia lilikuwa na wenyewe, na mgeni hakutega mtego bila ruhusa. Wapo wanyama ambao mwindaji hakuwa na haki ya kuwala kimyakimya. Ilimpasa awapeleke kwa mwami, yaani mtawala wa kimila. Tena utenzi wao mkubwa, wa shujaa Mwindo, unafundisha jambo hili hili. Mwindo, baada ya kuua joka ambalo lilikuwa rafiki wa Nkuba, yaani Radi, anachukuliwa juu angani. Huko anaonyeshwa mateso ya baridi, mvua na jua, naye anaonywa asiue tena wanyama ovyo. Anaporudi kijijini anakuwa mtawala mwenye busara. Jamii inayowasimulia watoto wake hadithi ya namna hiyo haikuhitaji kuanza kufundishwa thamani ya mnyama. Ilihitaji kuketishwa mezani, iulizwe inalindaje, isaidiwe pale ilipopungukiwa.

Badala ya meza ilikuja taasisi. ICCN, Taasisi ya Kongo ya Uhifadhi wa Mazingira ya Asili, ndiyo yenye dhamana ya hifadhi zote za taifa nchini. Ni chombo cha serikali chini ya wizara inayohusika na mazingira, na mkurugenzi wake mkuu huteuliwa na Rais wa Jamhuri. Kila hifadhi ina mhifadhi mkuu na walinzi chini yake. Sehemu kubwa ya fedha za kuendesha hifadhi za mashariki hutoka kwa wafadhili. Kahuzi-Biega kwa miaka mingi ilisaidiwa na Ujerumani. Ukiitazama ngazi hiyo utaona kwamba mhifadhi anatoa hesabu kwa Kinshasa, na anatoa hesabu kwa mfadhili. Kwa mkazi wa Itebero, huko Walikale, hakuna kinachomlazimu kutoa hesabu. Akiwa mtu mwema atakuja kijijini kuzungumza. Akiwa si mwema, mkazi hana pa kumshtakia.

Jambo likazidi kuwa gumu mwaka 1988, mkoa wa Kivu ulipogawanywa kuwa mitatu: Kivu Kaskazini, Kivu Kusini na Maniema. Walikale ikabaki Kivu Kaskazini, makao yake makuu yakiwa Goma. Makao ya Hifadhi ya Kahuzi-Biega yako Tshivanga, karibu na Bukavu, Kivu Kusini. Fikiri mzee wa sekta ya Bakano ambaye shamba lake la akiba linasemekana limo ndani ya mpaka. Kwa miaka mingi gavana wake alikuwa Goma, mhifadhi wake upande wa Bukavu, waziri wake Kinshasa, na barabara ya kwenda kote huko ilikuwa matope na vizuizi vya wenye bunduki. Malalamiko ya mtu huyo hufia njiani kabla hayajafika kwenye ofisi ya kwanza.

Na mwakilishi wake ni nani? Katiba ya mwaka 2006 imezitambua sekta na tawala za kimila kuwa vyombo vyenye mamlaka yake na mabaraza ya kuchaguliwa. Mabaraza hayo hayajachaguliwa hadi leo. Uchaguzi wa Desemba 2023 ulifikisha kura za madiwani kwenye miji mikuu ya mikoa tu, na teritwari jirani ya Masisi haikupiga kura hata ya rais wala ya wabunge kwa sababu ya vita. Kwa hiyo hifadhi inapotaka kuzungumza na wananchi, huzungumza na mwami, au na shirika lenye ofisi Goma, kisha huandika katika ripoti kwamba wananchi wameshirikishwa.

Matokeo yalionekana vita vilipokuja. Kuanzia 1996, halafu tena 1998, walinzi walinyang'anywa silaha, wengine walikimbia, na msitu wa tambarare ukabaki mikononi mwa makundi yenye bunduki. Mwishoni mwa mwaka 2000 bei ya madini ya koltani ilipanda ghafla duniani, na maelfu ya vijana wakaingia hifadhini wakichimba na kuchuja mchanga kwenye vijito, huku wakila nyama ya porini kwa kuwa haikuwapo nyingine. Tembo wa nyanda za juu walimalizwa. Gorila wa Grauer, wale ambao hifadhi ilianzishwa kuwalinda, na ambao makadirio ya miaka ya 1990 yaliwaweka karibu 17,000, hesabu iliyotolewa mwaka 2016 iliwakadiria kuwa 3,800, na jamii hiyo ikatangazwa kuwa katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka. Uchunguzi wa upana zaidi uliochapishwa mwaka 2021 ulipandisha makadirio hadi 6,800, ambayo bado ni chini ya nusu ya waliokuwapo.

Vita ndivyo vilivyoua gorila hao na tembo hao, na sitaki mtu aseme kwamba nawalaumu walinzi. Wengi wao wamekufa kazini. Tarehe 24 Aprili 2020, karibu na Rumangabo katika Hifadhi ya Virunga, walinzi 12 waliuawa siku moja. Ni wana wa vijiji hivi hivi, wenye wajane na mayatima. Lakini tujiulize: siku mlinzi aliponyang'anywa bunduki, nani alibaki kuutetea msitu? Kwa karibu miaka 25 mwenyeji aliambiwa kwamba msitu huo si wake. Wachimbaji walipoingia, yeye naye alichukua beleshi. Mwenye njaa hana miiko, na aliyeporwa haoni sababu ya kumlindia mporaji.

Upande wa milimani, waliopatwa ni Watwa, wenyeji wa asili wa msitu. Wao walifukuzwa kwa nguvu katika miaka ya 1970, bila fidia na bila ardhi nyingine, wakawa vibarua na ombaomba pembezoni mwa msitu waliozaliwa ndani yake. Oktoba 2018 baadhi yao walirudi hifadhini kwa nguvu, na mapigano kati yao na walinzi yakaua watu wa pande zote mbili. Kesi yao ilifika mbele ya Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu. Uamuzi wake, uliotangazwa mwaka 2024, ulisema kuwa serikali ya Kongo ilivunja haki zao, ikiwemo haki ya mali, ya utamaduni na ya uhai, na kwamba wanastahili kuombwa radhi, kulipwa fidia na kurudishiwa ardhi. Ilichukua karibu nusu karne kusema neno ambalo lingesemwa kijijini kwa siku moja, kama kijiji kingeulizwa.

Sasa mtu wa Masisi anaweza kusema: hayo ni ya Walikale na ya Kahuzi-Biega, sisi yanatuhusu nini? Yanamhusu sana, maana Masisi inajua uchungu wa karatasi kuliko teritwari nyingi. Kuanzia 1937 Wabelgiji waliwaleta watu kutoka Rwanda kuja kukaa Gishari na kwingineko Masisi, wakitumia mikataba ya ardhi ambayo wakulima wengi hawakuielewa. Misitu ya vilimani ikafyekwa, yakaja mashamba ya wazungu. Mwaka 1973 mashamba hayo yakachukuliwa na wakubwa wa utawala wa Mobutu, na mwaka huo huo sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai ikatangaza kuwa ardhi yote ni mali ya dola. Ibara ya 389 ya sheria hiyo iliahidi kwamba amri ya Rais itakuja kufafanua haki za jamii juu ya ardhi wanazozikalia kwa mila. Amri hiyo haikuja. Aliyekuwa na pesa na rafiki ofisini alipata hati. Aliyekuwa na kaburi la babu yake tu akajikuta kibarua kwenye malisho ya mtu mwingine.

Leo vilima vya Masisi vya kijani, vyenye ng'ombe na jibini linaloliwa hadi Kinshasa, ni vizuri kuvitazama. Lakini kijana asiye na ardhi huko ana njia chache: kuchoma mkaa pembezoni mwa Virunga, kwenda machimboni Rubaya au Walikale, au kushika bunduki. Na ugomvi wa nani ana haki ya ardhi na ya utawala uliwahi kuteketeza soko zima. Tarehe 20 Machi 1993, siku ya soko, watu waliuawa Ntoto, katika teritwari ya Walikale, na moto ukavuka hadi Masisi, ukaua maelfu. Anayekuja Masisi au Walikale akiwa na ramani na rangi ya kijani mkononi lazima ajue anatembea juu ya makaburi hayo.

Wapo waliojaribu kurekebisha kosa la 1975, nao wanastahili heshima. Mwaka 1998, katikati ya vita, bami (ndio wingi wa mwami) wa Bamate na Batangi katika teritwari ya Lubero walikubaliana kutenga msitu wa Tayna uwe hifadhi ya jamii, wenyeji wenyewe wakiwa walinzi. Wazo lilikuwa jepesi na la haki: jamii itatoa msitu, wafadhili watatoa maendeleo. Wazo likaenea. Mashirika ya wenyeji kutoka Lubero, Walikale na hadi Maniema yakaunda umoja wao, UGADEC. Huko Kasugho, Lubero, pakaanzishwa chuo cha uhifadhi, na vijana ambao wasingefika Goma wakasomea biolojia nyumbani kwao. Mwaka 2006 serikali ikaitambua rasmi Hifadhi ya Tayna, pamoja na Hifadhi ya Nyani na Sokwe ya Kisimba-Ikobo katika teritwari ya Walikale.

Hapo ndipo kisa kinaporudi nyuma. Huko Kisimba na Ikobo, wananchi wengi waliipinga hifadhi iliyopewa jina lao. Walisema waliosaini ni wachache, na kwamba mashamba yao yamo ndani. Kosa la Kinshasa likawa limerudiwa nyumbani, safari hii kwa mkono wa watu wanaojulikana kwa majina ya baba zao. Mwami ana heshima yake, na bila yeye hakuna mkutano wa ardhi unaosimama. Lakini mwami ni mlinzi wa ardhi ya koo, hawi mmiliki wake peke yake. Saini yake haiondoi haki ya mjane mwenye shamba la mihogo kando ya mto. Anayechukua saini ya mwami akadhani amepata ridhaa ya watu, amebeba gunia bila kulifungua.

Hata pale ridhaa ilipopatikana, ahadi zilikuwa kubwa kuliko mfuko. Wananchi waliahidiwa zahanati, shule, barabara na ajira kwa kubadilishana na msitu. Baadhi ya hivyo vilikuja, na vilikuwa na faida. Lakini mradi wa wafadhili huwa na tarehe ya mwisho, na msitu uliotolewa hauna tarehe ya kurudishwa. Fedha zilipopungua, mlinzi wa kijijini aliendelea kuombwa asiwinde, lakini hakulipwa tena. Ahadi ni deni. Deni lisilolipwa kwa maskini huzaa chuki ambayo mradi unaofuata huikuta mlangoni, hata kama wenye mradi huo hawakukopa chochote.

Je, sheria imejifunza? Kwa kiasi fulani, ndiyo. Sheria ya uhifadhi ya tarehe 11 Februari 2014 inataka wenyeji waulizwe kwanza na athari zichunguzwe kabla ya kuanzisha eneo lolote la hifadhi. Mwaka huo huo, tarehe 2 Agosti, ikatolewa amri inayoiruhusu jamii kuomba msitu wake wa kimila uwe wake kwa hati, hadi hekta 50,000, bure na kwa muda usio na kikomo. Mwaka 2022 ikaja sheria ya kulinda haki za wenyeji wa asili, Watwa wakiwamo. Walikale ni kati ya maeneo ya Kivu Kaskazini ambako jamii zimeichukua nafasi hii ya misitu ya jamii.

Kanuni za mwaka 2016 zinazosimamia misitu hiyo zinafaa kusomwa kwa makini, kwa sababu zinajibu swali ambalo Kahuzi-Biega haikulijibu: nani anatoa hesabu kwa nani. Kila msitu wa jamii unapaswa kuwa na mkutano wa jamii nzima, ambao ndio wenye neno la mwisho. Chini yake ipo kamati ya usimamizi, inayofanya kazi za kila siku. Ipo kamati nyingine ya kuifuatilia na kuikagua ile ya kwanza. Na lipo baraza la wazee la kutoa ushauri na kusuluhisha ugomvi. Vyombo vinne, kila kimoja na kazi yake. Mweka hazina hajikagui mwenyewe.

Ukiangalia kazi hiyo inavyofanywa vizuri, utaona tofauti. Kabla hati haijaombwa, watu hukaa chini, wazee, vijana, wanawake na Watwa, wachore wenyewe: huu mto Lowa, hapa makaburi, hapa machimbo, hapa tunapookota viwavi na uyoga, hapa pa kutambikia. Kisha vijana hutembea na kifaa cha kupima mahali, wakiambatana na majirani wa kijiji cha pili, ili mpaka ukubaliwe na pande zote mbili papo hapo. Pakitokea ubishi, kazi husimama. Huchukua siku nyingi, huchosha, na mfadhili mwenye haraka hapendi. Lakini mpaka uliotembewa kwa miguu na pande zote mbili ni vigumu kuukana baadaye.

Hatari hazijaondoka. Januari 2025 serikali ilitangaza Ukanda wa Kijani wa Kivu hadi Kinshasa, eneo la zaidi ya kilomita za mraba 500,000, likiwa na lengo la kuhifadhi misitu na kuleta ajira kwa pamoja. Ni lengo zuri, na limeitwa hifadhi ya kijamii. Mwezi huo huo waasi wa M23 waliichukua Goma, na mwezi Machi wakafika Walikale mjini kabla ya kuondoka wiki chache baadaye. Watu wanaokimbia na magodoro kichwani hawawezi kuulizwa wanataka msitu wao utumikeje. Basi wasiulizwe kwa jina tu ili karatasi ijae. Wasubiriwe warudi.

Kutokana na yote hayo, mafunzo ni haya.

Kwa ICCN na kila mwenye dhamana ya hifadhi: huduma kwa jirani ni sehemu ya ulinzi wenyewe. Wekeni ofisi inayofikika kwa miguu, penye mtu anayepokea malalamiko, anayeyaandika, na anayelazimika kuyajibu. Mkazi wa Walikale asilazimike kuvuka hadi mkoa mwingine ili aambiwe mpaka unapita wapi. Fedha zinazoingia kwa jina la jamii zisomwe hadharani, penye mti wa mkutano, kwa lugha ambayo watu wanaizungumza. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Kwa bami na wazee: mnaombwa saini kwa sababu mnaaminiwa. Msisaini kitu ambacho hamwezi kukisoma mbele ya watu wenu. Muda mliopewa ukiwa mfupi mno kuitisha mkutano, ufupi huo ni sababu tosha ya kukataa.

Kwa mashirika yenye ofisi mjini: msiahidi kwa niaba ya mfadhili. Semeni mradi una miaka mingapi, na nini kitabaki utakapokwisha. Afadhali kuahidi kisima kimoja kikachimbwa kuliko hospitali itakayobaki msingi wa mawe.

Kwa mwananchi: dai kuiona ramani, na uitembee. Dai kujua nani anakagua fedha. Na ukishapata msitu kwa hati, usiwafanyie Watwa au jirani zako wageni yale ambayo Kinshasa ilikufanyia wewe. Kamati ya kijiji inaweza kupora kama ilivyopora wizara, tena kwa urahisi zaidi, maana inajua kila njia ya msituni.

Kosa la mwaka 1975 lilifanywa kwa saini moja, ndani ya ofisi moja, kwa siku moja. Kulirekebisha kumeshachukua zaidi ya miaka 50, na bado. Kila anayeshika kalamu leo juu ya misitu ya Masisi na Walikale na akumbuke hesabu hiyo, aiweke kalamu chini kwanza, aende akawaulize wenyewe.